Posa ya Masunga

Matilda anasema aliyaona kwa macho yake mawili, na kama anadanganya basi asionje mchele mpya wa mwaka huu. Anasema alikuwa nyuma ya karakana ya mumewe, anaokota maranda ya kuwashia moto, ndipo Masunga akaingia kwa fimbo yake, mguu wa kushoto unaburuza vumbi, jogoo mwekundu kamkumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Hakusalimia. Alisema tu, "Fundi Philbert, nataka kuoa. Jogoo huyu ni wako. Uwe mshenga wangu Jumapili."

"Kuoa nani?" aliuliza Mbuke, mke wa huyo Masunga. Ungo wa mchele ulikuwa mapajani, na mkono wake uliokuwa unachambua ukasimama.

"Mama Prisca, mimi nitajuaje? Ila ni msichana wa Chunya. Ana jino la dhahabu."

"Masunga alisema hivyo?"

"Hakusema. Lakini jogoo mkubwa vile, utampelekea nani kama si mwenye jino la dhahabu?"

"Na mume wako anasemaje?"

"Yule!" Matilda alisonya. "Anasema mshenga hafungui mdomo. Tangu tutoke Kilolo hajanificha neno, leo anakula jogoo wa siri mbele yangu. Mimi kanipa shingo."

Matilda alipoondoka, Mbuke alichambua mchele uleule mara ya pili bila kuona hata chuya moja. Si kwamba hakumjua mumewe. Alikuwa anamjua wawili.

Wa kwanza ndiye aliyekuja naye Usangu kutoka kwao usukumani, wakiswaga ng'ombe. Huyo akikohoa zizini, mbwa wanasimama. Salamu yake ilikuwa mguno. Chakula kikiwa kitamu, ananyamaza. Kikiwa kibaya, ananyamaza pia lakini anakutazama. Alikuwa na kiti chake cha ngozi pale barazani, na hakuna aliyethubutu kukikalia, hata kuku.

Kisha kikaja kiharusi. Wakamkimbiza Mbeya, Mbuke akawa analala kwa binti yao Prisca kule Ilomba, asubuhi anapeleka uji wodini. Siku ya kutoka, nesi alimvuta pembeni. "Mama, ugonjwa huu unagusa ubongo. Mwingine anageuka mkali, mwingine analia au anacheka bila sababu, mwingine anasema chochote kinachomjia mdomoni. Mwanzoni utaona kama umepewa mtu mwingine. Umvumilie."

Mbuke alirudi nyumbani Rujewa na mtu mwingine. Huyu anaimbia ndama. Huyu alimwambia mwinjilisti mbele ya waumini kwamba mahubiri yalikuwa mazuri mpaka katikati. Redio ikitangaza kwamba Iringa kutakuwa na baridi, anatokwa machozi, anasema, "Maskini watu wa Iringa." Alicheka msibani mpaka akatolewa nje, na huko nje akawachekesha wachimba kaburi. Na kila akila anashika mkono wa Mbuke na kumwambia, "Mwanamke wewe, nani alikufundisha kupika?"

Mwanzoni Mbuke alikuwa anaona aibu. Baadaye akaanza kuweka nazi kwenye mboga ili asikie tena.

Ndiyo maana habari ya jogoo ilimchoma. Yule mkali alikuwa hataki hata kusikia mke wa pili. Alikuwa anasema mmoja anamtosha kumsumbua. Sasa huyu mtamu ndiye aende kwa mwingine? Yaani Mbuke amevumilia miaka yote mtu akiwa mbichi, leo kaiva, aje wa Chunya amle?

Lakini hakuuliza. Alikuwa na tabia ya kungoja aone.

Jumapili baada ya ibada, Masunga alivaa koti lake jeusi, akajipaka mafuta ya Mbuke mpaka shingo ikang'aa, akajitazama kwenye sufuria.

"Unaenda wapi, Baba Prisca?"

"Kuposa," alisema, akacheka peke yake mpaka fimbo ikaanguka. Mbuke akamwokotea. Akamfunga kifungo cha koti pia, maana mkono wa kushoto ulikuwa bado haushiki vizuri. Halafu akaingia ndani, akakaa kitandani, akalia kidogo, akatoka, akafagia uwanja.

Huko njiani, Masunga na Philbert walipita mashine ya kukoboa mpunga, wakapita mnada wa ng'ombe, Masunga akisalimia kila mtu na kumtangazia safari yake. Watu wakaanza kuwafuata. Philbert, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, jasho likimtoka, kila njia panda aliuliza, "Ni huku?" naye Masunga anajibu, "Bado, fundi. Binti wa maana hakai karibu." Wakazunguka, wakazunguka, mpaka wakatokea kwenye ua wa michongoma ambao Philbert aliujua vizuri.

"Masunga, hapa si kwako?"

"Ni kwangu."

"Na nyumba ya binti?"

"Ndiyo hii."

Philbert alivua kofia. Akatazama juu. Akamkumbuka jogoo, na jinsi alivyomfyonza mpaka mifupa. Akavaa kofia tena.

"Hodi hapa! Kamwene!" aliita kwa salamu ya kwao Kilolo na sauti ya mshenga. "Tumekuja na neno la heri. Mwenye nyumba yupo?"

Mbuke alisimama na fagio lake. "Mwenye nyumba umekuja naye."

"Mimi nipo, nipo!" alisema Masunga. Akajikokota mpaka kwenye kiti cha ngozi, ambacho hakuwa amekikalia tangu augue, akakaa. Hapo uso ukabadilika. Nyusi zikashuka. Akakohoa, mbwa wakasimama.

"Mnataka nini?" Ilikuwa sauti ileile ya zamani. Matilda, aliyekuwa amekwisha kujipenyeza mbele kabisa, alirudi nyuma hatua moja.

"Tuna... tuna kijana wetu," alisema Philbert. "Amempenda binti wa hapa."

"Kijana gani? Ana ng'ombe?"

"Anao."

"Mzima?"

"Anaburuza mguu kidogo."

"Mkali?"

"Alikuwa mkali, mzee. Siku hizi analia akisikia hali ya hewa."

"Atatoa Meneja?" Meneja ni dume la Masunga, lile la madoa, ambalo hata Prisca alipoolewa alilificha mtoni lisichinjwe.

Philbert akageukia benchi la pale uwanjani, upande wa waposaji, amuulize bwana harusi. Benchi lilikuwa tupu. "Masunga, shuka huku ujibu, mimi siwezi kumtoa Meneja."

Masunga akanyanyuka, akavuka uwanja, akakaa benchini. Uso ukalainika kama siagi. "Meneja? Mchukueni! Na kamba yake!" Akanyanyuka tena, akarudi kitini huku anahema. "Simtaki! Meneja ni wangu! Mnaniposea kwa ng'ombe wangu mwenyewe?"

Watu walishika mbavu. Matilda alikaa chini kabisa, khanga kichwani. Hata Mbuke alicheka, fagio likamtoka mkononi. Lakini alikuwa anatazama kiti, anatazama benchi. Waume zake wote wawili wamemjia siku moja.

Safari ya tatu Masunga alipofika benchini hakuondoka tena. Alikuwa amechoka, mguu unatetemeka.

"Fundi," alisema, "yule mzee wa kwenye kiti simtaki. Ana roho mbaya."

"Si ni wewe?"

"Najua." Akajifuta mate kwa mkono wa koti. "Muache. Muulize binti mwenyewe. Aliniambia siku ile ananikanda huu mkono kwamba hakuulizwa."

Hapo Mbuke akakumbuka. Masunga alikuwa amemuuliza, hivi mimi nilikutongozaje? Naye akamjibu kama anasimulia habari za jirani: hukunitongoza, baba yako alikuja na ng'ombe, baba yangu akawakagua meno, mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji, niliporudi nikaambiwa nimeolewa. Masunga alicheka mpaka chai ikamtokea puani, kisha akalia, kisha akaomba chai nyingine. Mbuke alidhani amesahau.

Philbert alivua kofia. Safari hii hakuwa anaigiza.

"Binti," alimwambia mama wa watu mwenye wajukuu, "kijana wetu huyu umemwona alivyo. Hatujui kama atapona, wala akipona atakuwa yupi. Anaomba umkubali. Unasemaje?"

Mbuke aliokota fagio, akalisimamisha vizuri ukutani. Hajawahi kuona watu wengi hivi wakingoja neno lake, na yule wa benchini kashika pumzi, macho yametoka kama ya ndama. Jibu alikuwa nalo tayari, lakini kungojwa kulikuwa kutamu, hakutaka kuishe haraka.

"Muulize tena," alinong'ona Masunga. "Labda hajasikia."

"Amesikia," alisema Matilda. "Nyamazeni."