Askari wa Nyota Ndani ya Nailoni

Chumba cha tatu cha nyumba yetu ndicho chenye mlango mzuri kuliko yote. Unafunga bila kelele, kitasa hakigomi, ufunguo upo. Na tangu tuhamie hapa, humo ndani hajawahi kulala binadamu. Wanalala majitu ya chuma, vyombo vya angani na mashine za gemu za zamani zenye nyaya nene, kila kitu ndani ya boksi lake, kila boksi ndani ya mfuko wake. Mimi mwenye nyumba naingia kwa ruhusa, mikono nimenawa.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Wenzake kazini wanamwita Kamanda, maana wakati wa chakula hana hadithi nyingine zaidi ya vita vya angani. Mtu mzima, mvi zimeshaanza kuchungulia, anatafuta kaseti za gemu za utotoni mwetu na kuziweka. Sikusema anazicheza. Anaziweka. Siku moja nilimwuliza raha yake iko wapi, akanitazama kwa huruma, kama vile nimemwuliza chumvi ni ya kazi gani.

Mkubwa wao wote alikuwa Askari wa Nyota. Ni gemu la mtu mmoja aliyevaa vazi la chuma, kaachwa peke yake kwenye kituo cha angani kilichotekwa na mashine, anapiga risasi toka mwanzo hadi mwisho. Kamanda alikuwa nalo kamili: kaseti, boksi lenye kona zilizonyooka, na kitabu cha maelekezo. Aliamini hakuna kitu cha thamani zaidi chini ya paa letu, na nina wasiwasi kwamba hesabu hiyo ilinijumuisha na mimi.

Basi mama yangu akateleza bafuni akavunjika nyonga. Alipokaribia kuruhusiwa kutoka hospitali, muuguzi aliniweka pembeni akaniambia mama atahitaji kitanda, poti, mtu wa kumwogesha, na mlango.

"Mlango wa kufunga," alinisisitizia. "Msimlaze njiani. Wazee wengi wanaona aibu, na aibu inawaumiza kuliko mfupa."

Nilimfikishia Kamanda maneno hayo kama yalivyo. Hakubisha hata kidogo.

"Mama ni mama," alisema. "Chumba ni chake. Ila vitu visiguswe kwanza mpaka mthamini aje. Ukihamisha ovyo, kona ikabonyea, thamani imekwenda."

Hapo zikaanza danadana. Mthamini atakuja Jumatatu. Jumatatu ana dharura. Jumatano ana mafua. Mama alikuwa atoke hospitali Jumamosi, na mimi kila nikipita mbele ya mlango ule natamani kuupiga teke. Alhamisi, hatimaye, akaja.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, miwani inaning'inia kifuani. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza yetu ya chakula, akavaa glavu, akawasha kitochi. Kamanda alikuwa kavaa shati la harusini. Mthamini akafungua skrubu za kaseti, akachungulia ndani kwa lenzi, akafunga. Akaligeuza boksi upande huu na upande ule.

"Hii ni halisi, haijachezewa," alisema. "Boksi nalo safi sana. Mmelitunza."

Kamanda akanitupia jicho. Jicho lile la "umeona sasa?"

"Na kitabu?"

Akakileta kwa mikono miwili.

Hapa lazima nieleze. Mimi nina duka la steshenari hapo kona: natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na nina mashine ya laminesheni, ile ya kufunika karatasi kwa nailoni ngumu. Nyumbani kwetu kitu cha maana hakibaki uchi. Vyeti vya kuzaliwa tumevitia laminesheni, cheti cha ndoa, picha ya babu, mpaka kadi ya kliniki. Sasa kitabu cha Askari wa Nyota, ambacho bwana huyu anakipenda kuliko vyeti vyote hivyo, kingeachwaje? Alitoa pini mwenyewe. Akatenganisha kurasa mwenyewe. Akasimama kando ya mashine yangu mithili ya mtu anayesubiri mkewe ajifungue, ananiambia, "Polepole, isiingie hewa." Tukamaliza, nikatoboa, nikafunga kwa springi. Wiki nzima alikuwa akiwaonyesha wageni.

Mthamini alikitazama kitabu. Akazima kitochi.

"Nani kafanya hivi?"

Kamanda akanigeukia.

"Usinitazame mimi," nikamwambia, kisha nikamgeukia mthamini. "Aliyenituma umesimama naye."

"Haitoki hii," mthamini akaeleza, taratibu, kwa sauti ya kutoa pole. "Ukiibandua, karatasi inakuja nayo. Kingekuwa kimechakaa, kina doa la mafuta, hata kama mtoto amekichora, bado ningekihesabu. Hiki kimeshakuwa kitu kingine. Boksi na kaseti ni nzuri, lakini usiseme tena una seti kamili."

Akavua glavu, akakunja kitambaa chake, akaaga. Mlango ulipofungwa tu, mume wangu akapata mkosaji.

"Wewe ndiye mwenye kazi yako. Ungenikataza."

"Nikukataze? Ulinisimamia mpaka nikakosa pumzi."

"Mtaalamu hasimamiwi."

Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Ningebaki pale ningesema neno la kujutia. Lakini kidogo nikajipa moyo: angalau sasa kisingizio kimekufa, chumba kitatoka. Sikujua naishi na nani. Alinifuata huko huko jikoni, uso umeshachangamka.

"Nimefikiria," akasema. "Mthamini kanitajia pale mlangoni mtu mwenye kitabu kingine. Nikikipata, seti inarudi. Kwa hiyo vitu visiguswe kwanza."

"Mama anakuja keshokutwa."

"Akae sebuleni siku mbili tatu. Kochi ni pana."

Nimempenda mwanaume huyu miaka mingi, ila dakika ile sikumpenda hata kidogo.

Kesho yake hospitali wakanipigia simu niko dukani: wanahitaji kitanda, nimchukue mama leo. Nikafunga duka, nikamleta kwa teksi, dereva akanisaidia kumlaza kwenye hilo kochi pana. Sebule yetu ndiyo njia ya kila kitu. Kwenda jikoni, kwenda bafuni, kutoka nje, lazima upite hapo. Nikatundika shuka kwenye viti viwili liwe pazia, likaanguka. Nikatundika tena.

"Pazuri hapa, mwanangu," mama akasema. "Nitakuwa nawaona wote."

Nikampa chai, akaniambia asante, ikapoa. Nikampa maji ya kumezea dawa, akaonja tone la kulowesha kidonge. Uji akasema baadaye. Nilidhani ni maumivu. Mchana midomo yake ikawa imekauka mpaka inapasuka, na akizungumza ulimi unanata.

"Mama, mbona hunywi?"

"Sina kiu."

"Mama."

Akatazama mlango wa mbele, kisha akanishika mkono.

"Nikinywa nitataka poti," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa ni njiani, na mkwe wangu atarudi. Acha tu. Nitakunywa mkishalala."

Hakuwa amemaliza maneno hayo nilipoona kivuli. Kamanda alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa vifaa begani, karudi mapema baada ya kupata ujumbe wangu. Mama akavuta shuka mpaka kidevuni, akafumba macho, akajifanya kalala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akaitikia bila kufumbua macho. Sauti ilitoka kavu, ikamkwama katikati.

Kamanda akanifuata jikoni.

"Hajanywa toka saa ngapi?"

"Toka asubuhi."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya kochi pana."

Akatua mfuko wake sakafuni, akaenda chumba cha tatu, na mimi nikajua ndiyo yale yale, kaenda kujificha kwa askari wake. Nikamfuata nikiwa na maneno tayari mdomoni, ya miaka yote.

Sikuyatumia. Nilikutana naye anatoka amebeba maboksi yamefika kidevuni, bila glavu, bila mifuko. Askari wa Nyota alikuwa chini kabisa, kakandamizwa na mashine nzito. Alipojipenyeza mlangoni kona ya boksi ikagonga fremu ikabonyea, tukasikia wote wawili. Hakusimama. Akayasukuma chini ya kitanda chetu, mengine juu ya kabati, mengine kwenye korido, na jasho likalowesha shati. Tukaingiza kitanda nilichomnunulia mama, kilichokuwa kimeegemezwa ukutani kusubiri chumba. Tukambeba mama pamoja, yeye miguuni, mimi mabegani. Kamanda akatoka nje, mimi nikafunga mlango, nikamhudumia mama yangu kwa nafasi. Nilipomaliza aliomba maji.

Kamanda aliyaleta mwenyewe, jagi na glasi. Alibisha hodi na kusubiri aitwe. Mama akanywa glasi nzima bila kupumzika, kisha akatafuta pa kuiweka. Kando ya kitanda palikuwa na stuli moja, na juu yake Kamanda alikuwa amekisahau kile kitabu, wazi kwenye ukurasa wa askari mwenye vazi la chuma. Mama akaiweka glasi hapo hapo, ikiwa imelowa.

Nikanyoosha mkono kuiondoa, nikawahiwa.

Mume wangu akainyanyua glasi. Chini yake palikuwa na duara la maji, kwenye kifua cha askari. Akalifuta kwa kiganja, likatoka lote, maana kazi yangu haivuji. Kisha akaijaza glasi mpaka juu, akairudisha pale pale alipoiweka mama.

"Kunywa, mama," akasema. "Kunywa unavyotaka."

Akatoka, akauvuta mlango, ukafunga bila kelele.