Bidoni Katika Tuta la Lenga-lenga

"Kula, bwana yangu wa pili," alisema Mama Mwadi, ameinama juu ya tuta, akimwaga maganda ya viazi, miiba ya makayabu, samaki wa chumvi, na ukoko wa ugali wa bukari ndani ya bidoni. "Weye haulalamike chumvi. Njo maana nakupenda."

Lilikuwa bidoni la njano la mafuta ya mawese, limekatwa kichwa, limetobolewa mbavuni kwa msumari wa moto na kuzikwa hadi shingoni katikati ya lenga-lenga, mchicha wake. Alilifunika kwa mfuniko wa sufuria, juu ya mfuniko akaweka jiwe, maana panya wa Kolwezi hawajui kubisha hodi. Minyoo iliingia kwenye matundu, ikala, ikatoka kwenda kunya utajiri kwenye mizizi. Bila hiyo udongo wa pale ulikuwa mgumu kama kisigino cha mwanamume. Wachimbaji wa kobalti walikuwa wamekwisha kula kiwanja baada ya kiwanja, na katika avenyu nzima kijani kilichosalia kilikuwa hicho chake.

Ndani, mlango ukiwa wazi, alilala mumewe, tata Edouard. Mgodi ulimstaafisha na kifua kinacholia kama bawaba kuukuu. Bukari haikupita tena kooni. Kilichopita kilikuwa lenga-lenga iliyopondwa laini, kijiko kwa kijiko. Mama Mwadi alijua kwamba siku tuta likifa, halitakufa peke yake.

Kabemba, jirani yao, aliegemea ukuta. Kijana wa heshima, mwimbaji wa kwaya.

"Mama, mu bidoni muko nini? Kila siku unafungua, unafunga na jiwe."

"Muko kobalti, tata. Naikulisha ipate kunenepa. Usiambie muntu."

Akacheka mpaka meno yake machache yakapigwa na jua. Mtaa ulimjua: kwenye kilio cha wifi yake mwenyewe aliwachekesha wabeba jeneza, karibu waliangushe. Kabemba naye alicheka, lakini kwa mdomo tu. Macho yalibaki kwenye jiwe.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja alimkuta mumewe sakafuni, sikio limebanwa kwenye saruji.

"Umeanguka?"

"Nyamaza. Banakata udongo uku chini." Akavuta pumzi kwa shida. "Banatokea kwa Kabemba. Banakuja ku bustani yako."

Mapafu ya mzee yalikwisha zamani, lakini masikio yalikuwa bado ya mgodini. Mama Mwadi alikimbia kwa jirani bila viatu. Chumbani kwa Kabemba kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani, na mahali pake palikuwa na shimo, kamba ikining'inia ndani.

"Kabemba, mi nilikuwa nacheka tu. Ni maganda."

"Mama, nani anafunga maganda na jiwe?"

Akamvuta mkono mpaka kwenye tuta, akaondoa jiwe na mfuniko, akazamisha mkono hadi kiwiko, akamwonyesha: uozo mweusi, na minyoo myekundu ikijikunja kiganjani.

"Angalia mwenyewe. Kobalti iko na mukia?"

Kabemba alinusa, akageuza uso. "Basi iko chini yake," alisema polepole. "Hatuwezi tena kurudi, mama. Tulisha kufika chini ya lenga-lenga."

Mama Mwadi akaapa kwa kaburi la binti yake kule Sandoa. Alisema ukweli mtupu, bila kachumbari. Watu waliokuwa njiani walisimama wakisikiliza, midomo tayari, wakingoja mahali pa kucheka.

Tuta lilianguka Jumapili, misa ikitoka. Halikupiga kelele. Lilishuka taratibu kama mama mnene anayejikalisha kwenye kigoda, likaondoka na majani, na mizizi, na bidoni lake. Udongo ulipotulia, kichwa cha mchimbaji mmoja kikachomoza, ganda la kiazi limenasa nyweleni. Mkononi alishika jiwe jeusi, zito.

"Iko," alisema. "Iko mingi. Mama hakusema bongo, alisema kweli."

Vigelegele vikapanda. Wanawake waliovaa vitambaa vya kanisa wakaja kumkumbatia, wakimwita mama tajiri. Aliwatoa shingoni mmoja mmoja, akageuka. Tata Edouard alikuwa amejikokota hadi mlangoni, ameshikilia ubao. Hakutazama shimo. Alimtazama yeye.

"Ulikuwa unajua."

"Edouard. Weye unanijua mi."

"Nakujua, njo." Akakohoa, akafuta mdomo kwa mkono. "Mi nakufa hapa bila dawa, weye unakaa juu ya mali, unanikulisha majani."

Neno la kuchekesha ndilo lililomfikia Mama Mwadi kwanza, kama siku zote. Akalimeza.

Tangu hapo mzee aligeukia ukuta. Mama Mujinga wa kanisani alileta lenga-lenga za sokoni. Mama Mwadi akazichemsha, akaziponda, akapuliza kijiko, akakileta hadi mdomoni. Mdomo haukufunguka. Akangoja mpaka uji wa majani ukafanya utando juu, kisha akaumwaga kwenye sahani ya maganda na kutoka nje.

Shimo lilikuwa limezungushiwa kamba, nusu yake limefunikwa kwa turubai. Miguu ilimpeleka pale pale ilipozoea, akainamisha sahani. Hakusikia chochote kikitua.

Kisha, kutoka chini kabisa, sauti ya mchimbaji:

"Nani iko kule yulu ya shimo?"

Alisimama na sahani tupu. Mvua ilianza upya, tone hapa, tone pale, juu ya turubai. Sauti ikauliza tena.