Nyuzi Nne za Profesa

Chumba cha kazi cha fundi na sebule vilitenganishwa na ukuta mmoja na mlango usiofungika vizuri. Upande huu fundi alitengeneza fidla, na besi, zile fidla kubwa kumpita mtu, zilizopasuka, kazi aliyoifanya miaka kumi na saba. Upande ule mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa kuwa hakuna jambo asilolijua, aliumiza kichwa wiki tatu nzima akitafuta nyuzi za kufunga kwenye besi yake. Kutoka kiti chake mpaka meza ya mkewe ni hatua sita. Lakini kwa mwanamume aliyevimba kichwa, hatua sita ni safari ya kufunga mizigo.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Profesa alikuwa na besi moja na mabwana wawili. Jumamosi asubuhi okestra ingemsikiliza, na akifaulu angepata kiti cha kudumu. Huko besi hupigwa kwa upinde, na upinde unataka nyuzi zinazoitika papo hapo. Siku nyingine alipiga jazi na rafiki yake mpiga piano. Huko upinde hubaki nyumbani, nyuzi hupigwa kwa vidole, na sauti inatakiwa ivume, isikate roho kabla ya wakati wake. Nyuzi zinazompendeza bwana huyu humkera bwana yule.

Basi Profesa akauliza dunia nzima. Akamuuliza mpiga piano, mtu ambaye ala yake ina nyuzi zaidi ya mia mbili na hajawahi kufunga hata mmoja. Akauliza watu wa kwenye simu, wasio na sura wala majina. Mshauri wake mkuu alikuwa mmoja aliyeweka picha ya paka. Akamuuliza hata dereva wa lori la okestra. Mkewe hakumuuliza. Akimwona anapita na kikombe cha chai, huyooo, anafunika simu kwa kiganja utadhani amefumaniwa.

Na fundi alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza! Besi ile aliijua kuliko alivyomjua mwenye nayo. Ubao wa mbele wa besi, kifua chake, ulikuwa mwembamba, ukiikaza sana inakabwa koo. Ilitaka nyuzi za chuma za mkazo mwepesi, ambazo upinde unazishika na kidole kinaziimbisha. Alikuwa nazo, zimelala kwenye droo ya pili. Alichotaka ni kitu kimoja tu: aulizwe. Si kusifiwa, si kupigiwa magoti. Aulizwe kama anavyoulizwa na mteja yeyote, hata yule mwalimu aliyemletea fidla iliyokaliwa na shangazi yake. Ilimuuma, tena ilimuuma sana.

"Mume wangu, nyuzi umeshapata?" alimchokoza Jumatatu.

"Niachie, mke wangu. Hili suala la kitaalamu."

"Haya, mtaalamu."

Alhamisi mchana fundi alitoka kununua gundi. Kurudi, akamkuta Profesa amepiga magoti sakafuni, besi imelala chali, haina uzi hata mmoja. Pembeni palikuwa na pakiti mbili zilizofunguliwa.

"Nachanganya," Profesa akatangaza. "Nyuzi mbili za upinde, mbili za jazi. Kila mtu apate chake."

"Umezivua zote nne kwa mpigo?"

"Niokoe muda."

Akaiinua besi. Ndani yake kitu kikabingirika, kikagonga ubao, kikatulia. Wote wawili walikisikia.

Ndani ya besi husimama kijiti kati ya kifua na mgongo. Hakina gundi wala msumari. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi, basi. Ndiyo maana kila anayejifunza besi huambiwa siku ya kwanza: vua mmoja, funga mmoja. Profesa mwenyewe alishawaambia wanafunzi watatu, tena kwa ukali.

"Ni nini hicho?" akauliza, uso umemshuka.

"Ni ule muda uliouokoa."

Jamani, hapo si ndipo mtu angeuliza? Thubutu! Profesa alikohoa, akasema, "Kuna kitu kimelegea humo. Kama una nafasi, kiangalie."

Fundi alichukua kioo kidogo na chuma kilichopinda, akaingiza kwenye tundu la besi, akaanza kukitafuta kijiti. Kila kikisimama kinaanguka. Saa mbili nzima jasho linamtoka, na Profesa anamshikia tochi huku akimpa maelekezo. Kilipokubali, fundi akafungua droo ya pili, akafunga nyuzi zake mmoja mmoja.

Profesa akapitisha upinde. Akapiga kwa vidole. Akapitisha upinde tena.

"Unaona?" akasema. "Nilikuwa naelekea hukohuko."

Jumamosi fundi alikwenda naye, maana besi haipiti mlangoni bila watu wawili. Akaketi kiti cha nyuma kabisa, mfuko wa besi mapajani. Kiongozi wa okestra, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alisikiliza upinde kwanza, kisha akaomba kipande cha jazi. Besi ikaimba kotekote. Yule mama akavua miwani.

"Kiti ni chako," akasema. "Lakini niambie, nani aliyekuchagulia nyuzi hizi na kukufungia?"

Kule nyuma fundi akaketi wima.

Profesa akarekebisha kola. "Mimi mwenyewe. Utafiti wa wiki tatu."

Fundi akatazama dari. Kidole kilishawahi kumkatika nusu kwa patasi, na hakikuuma hivi.

"Safi sana!" akasema yule mama. "Maana fundi wetu amehama, na tuna besi sita humu. Jumatatu asubuhi uje uzifunge zote hivihivi. Na mbili kati yake vijiti vya ndani vimeanguka. Utavisimamisha."

Profesa akacheka peke yake. Alipoona hakuna wa kucheka naye, akailaza besi, akashuka jukwaani. Mpaka kiti cha nyuma zilikuwa hatua ishirini na zaidi, na alizitembea zote, shati limemganda mgongoni. Akainama sikioni mwa mkewe.

"Mke wangu," akanong'ona, "kile kijiti kinasimamishwaje?"

Swali la wiki tatu lilikuwa limefika, na kwa miguu yake lenyewe. Fundi akauweka mfuko chini, akapangusa mikono taratibu.

"Sikusikii," akasema. "Rudi pale mbele, uniulize ukiwa kule."