Mistari Kumi na Miwili

"Hili neno 'ukuta' litoke," alisema Bi Nadhira, karani wa vibali, kalamu nyekundu mkononi.

Himid alishusha pumzi. Ilikuwa safari yake ya tatu ofisini hapo wiki ile, na onesho lilikuwa saa kumi jioni hiyohiyo, hotelini Kiwengwa. Miaka ishirini alikuwa akisema mashairi yake juu ya mdundo wa rege, na kila mwaka karatasi ziliongezeka.

"Bi Nadhira, shairi lenyewe ni la ukuta. Hoteli imejenga, wakulima wa mwani hawana pa kupita kwenda baharini."

"Basi sema bahari. Bahari haina mwenyewe."

"Hilo ndilo nnalosema."

Bi Nadhira hakucheka. Alikata mistari kumi na miwili, mmoja baada ya mwengine, akapiga muhuri. "Ukisema hii, tunakufungia. Na hizo rasta zifunge kilemba, kuna wageni."

Kiwengwa alifika amechelewa. Burhanuddin, mpiga besi wake, alikuwa keshafunga nyaya zote peke yake.

"Wamekupa?"

"Wamenipa nusu."

Nje ya ukuta, penye lango la chuma, wanawake wanane wa mwani walisimama kusikiliza. Mbele yao alikuwa Bi Mwatima, mdogo wa mama yake, aliyemwambia tangu mwezi wa Ramadhani: tusemee.

Himid alisema yaliyoruhusiwa. Alipofika kwenye mistari iliyokatwa alinyamaza, akamwacha Burhanuddin apige besi tupu kwa urefu wake wote. Alitaka watu wausikie ule ukimya. Wageni wakainuka kucheza.

"Hapo pa muziki mtupu pamependeza," meneja wa hoteli alimwambia baadaye. "Jumamosi ijayo iwe hivyo mwanzo mpaka mwisho."

Himid alikwenda langoni. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Bi Mwatima alimtazama kupitia vyuma. "Mbona kufika petu ulinyamaza?"

Himid alimpa ile karatasi ya kibali. Bi Mwatima aliitazama mikato myekundu, akairudisha.

"Mie hiyo haijanambia kitu. Nambie wewe."

Wenzake wakasogea. Himid alivua kilemba, akaanza, bila kipaza sauti, bila besi. Alikuwa mstari wa nne mlinzi alipokuja kumuuliza kibali.

Himid hakugeuka. Ilikuwa imebaki minane.