Kibao cha Korongo

Ti, ti, ti. Alfajiri ilikuwa bado, na Niharbala alikuwa amechuchumaa uani akikigonga kibao cha udongo kwa kifundo cha kidole, asikie kama moto wa tanuri umekitia ufa.

"Unagonga nini?" mumewe aliuliza kutoka kitandani.

"Chungu cha jirani. Lala, baba Madhob."

Gokul, mumewe, ndiye aliyekuwa akiwachongea watu vibao vya kupamba kuta za hekalu. Macho yalipomfifia alivifunga visu vyake katika kitambaa, asivitaje tena. Kwa hiyo mvua ilipoangusha kibao kimoja cha hekalu la mungu Krishna, na watu wakaja kuagiza kingine, Niharbala aliwapokea mlangoni akasema mumewe atakifanya. Jina lake lisisahauliwe upesi hivyo. Kisha akachonga mwenyewe, kwa siri, yeye ambaye maisha yake yote ya ndoa alikanda udongo na kufinyanga vyungu: Krishna mtoto, akimpasua mdomo jini aliyejigeuza korongo.

Asubuhi, hekaluni, Niharbala akitazama pamoja na watu, mwashi Ponchanon alipanda ngazi na kukitia kibao ukutani. Kikacheza. Pembeni palibaki pengo la kupitisha kidole.

Uso ulimchoma Niharbala. Alikuwa ameipima nafasi ile ya ukutani kwa uzi, akaukata udongo mbichi sawasawa na uzi. Na udongo husinyaa ukikauka, na tanurini husinyaa tena. Alilijua hilo tangu utotoni. Lakini chungu kikisinyaa hubaki chungu, hakuna tundu linalokisubiri kilijaze.

"Gokul kazeeka jamani," Ponchanon alisema huko juu. "Katuletea Krishna aliyefuliwa kwa maji ya moto akasinyaa. Shemeji, mwambie mzee sasa afinyange vikombe vya chai."

Watu wakacheka. Niharbala alivuta upindo wa sari usoni. Angeweza kunyamaza, hawakuwa wakimcheka yeye. Lakini kicheko kingemtangulia kufika nyumbani, kwa mtu asiyeona ila anayesikia kila kitu.

"Si yeye," alisema. Hawakumsikia, akarudia. "Gokul hajakigusa. Haoni tena. Nimechonga mimi, nikawadanganya."

Kicheko kikakatika. Ponchanon akaanza kukoroga chokaa ambayo ilikwisha korogwa.

Bibi Shoilobala, mfagiaji wa hekalu, aliuweka ufagio chini. Alikipokea kibao, akakifuta chokaa kwa nguo yake mwenyewe, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi.

"Korongo huyu anaumia kweli," alisema. "Kirudishe nyumbani, mwanangu. Mpe mumeo akipapase."

"Nitamwambia nini?"

"Hayo hayo uliyotuambia."

Niharbala hakuweza kuinua macho. Alitazama mikono ya bibi ikimfungia bisi za mchele katika upindo wa sari, fundo moja, kisha la pili.

"Hizi za Gokul. Na uchonge kingine, kikubwa kidogo; kikiiva, usije peke yako. Mlete. Baraza ya hekalu ninaifagia kila siku na hakuna anayeikalia. Njooni mkae."