Robo ya Mkate Iliyorudi

Mimi sishtuki ovyo. Nimezika mume, nimelea mtoto peke yangu, nimegombana na makarani wa ardhi mpaka wakanikimbia, na hakuna aliyeniona nikikodoa macho. Lakini Ramadhani hii, siku ya ishirini na sita, nilifunua kawa kwenye sahani iliyoletwa na mpangaji wangu, moyo ukanipiga pa! Chini ya kawa ulikuwa mkate wangu mwenyewe.

Usiniambie nimefananisha. Mkate wa sinia, wa mchele na nazi, naupika kwenye sufuria aliyoniachia mama, na sufuria hiyo imebonyea ukingoni, upande mmoja. Kila mkate ukitoka, hutoka na alama ile. Mimi huukata robo nne: moja yangu na binti yangu Raiya, tatu za majirani. Robo yenye alama nilikuwa nimempelekea Mama Farid, nyumba ya pili, mchana uleule. Magharibi haijaadhiniwa, robo imekwisha kurudi kwangu, hapa hapa mtaa wa Shela, juu ya sahani aliyoleta Jedida!

Na si mkate wa kuchezewa huo. Ndio watu wa Mambrui walioutaja kwa jina, kwamba Iddi mosi wakija kumposa Raiya kwa kijana wao Farjallah, waje waonje mkate wa Bi Nana na juisi yake ya ukwaju. Mamake Farjallah namjua. Binti wa kwanza aliyemwendea alipewa chai iliyopoa, na posa ikaishia kwenye kikombe kilekile. Sasa, mwezi ukiandama mapema, zimebaki siku nne, nami nasimama mlangoni na robo mkononi.

"Jedida," nikamwita. Jedida ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, mshonaji nguo, mtu wa Kisii, Mkristo, mwezi wa tatu huu tangu aje Malindi. "Mkate huu umepika wewe?"

"Hapana mama, mimi nitatoa wapi huo ufundi? Nimepewa na Mama Farid. Na kwa vile uliniambia kwenu sahani ya futari hairudi tupu, nikaona nikuletee." Akatabasamu kama aliyefaulu mtihani.

"Naye amekwambiaje akikupa?"

"Alisema tu, chukua Jedida, sisi hatuumalizi."

Hatuumalizi! Robo moja, nyumba ina watu saba! Nilijitupia buibui nusu mwilini nusu begani, nikatoka na sahani yangu, Jedida nyuma yangu akiita mama, mama.

Mama Farid alikuwa akikaanga bajia. Kuiona tu sahani, upawa ukamponyoka.

"Bi Nana, shoga yangu, wallahi tumeshiba."

"Mmeshiba? Saa kumi na mbili kasorobo, mwezi wa Ramadhani, mmeshiba?"

Aliangalia bajia zikiungua.

"Mama Farid, mimi na wewe tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa fimbo moja. Mkate wangu una nini?"

Jedida ndiye aliyefungua mdomo. "Mama, mimi nitasema. Huo mkate unanuka sabuni."

"Jedida!" Mama Farid akajishika kinywa.

"Sabuni?" nikasema.

"Ni hayo marashi ya kula mnayotia. Na iliki mpaka ulimi unawaka. Nilionja kidogo nikafikiri labda ndivyo watu wa huku mnavyopenda. Ndiyo nikakuletea wewe, nikijua utafurahi."

Nilitaka kumpiga na ile sahani, Mungu anisamehe na saumu yangu. "Iliki za siku hizi hazina harufu!" nikapaaza sauti. "Ndiyo maana naongeza! Na marashi wanayatia maji, wezi wakubwa. Kila kitu siku hizi kimepooza. Pilau hainukii, udi haunukii, hata samaki wa siku hizi hawanuki!"

Mama Farid akainua kichwa polepole. "Bi Nana, samaki hawanuki?"

"Hawanuki."

"Fumba macho."

"Mwanicheza shere?"

"Fumba macho, nakuomba."

Nikafumba, kwa hasira. Nikahisi kitu kimesogezwa puani, karibu hata kunigusa. Akaniuliza nasikia harufu gani. Nikavuta pumzi ndefu, nikavuta tena, nikamwambia sisikii kitu, aache upuuzi. Nikafumbua macho.

Alikuwa ameshika pande la papa mkavu.

Lahaula! Papa mkavu, ambaye ukimfungua hapa, nyumba ya saba wanafunga madirisha! Nilimpokonya nikamnusa mwenyewe, mbele na nyuma, juu na chini. Hakuna. Nikanyakua kitunguu, nikakivunja, nikakiweka puani mpaka machozi yakatoka. Hakuna. Nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sijali meno yake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ile homa yako ya mwaka juzi," alisema Mama Farid. "Hii Ramadhani ya pili."

"Na mkate wangu mwaupeleka wapi?"

Hakutaka kusema. Nikamkazia macho. "Twawapa kuku," akasema. "Nao huuzunguka kwanza."

Sikumbuki nilirudije nyumbani. Adhana ilipolia nilifungua kwa maji na tende, na tende ile ilikuwa utamu mtupu, haina kitu kingine ndani yake. Miaka yote hii nikidhani ni tende mbaya. Nilikuwa nimekaa gizani, sijawasha taa, Raiya alipoingia kutoka duka la dawa anakofanya kazi.

"Raiya, mimi sisikii harufu."

Akaweka pochi mezani. Hakushangaa. Hapo ndipo nilipozidi kushtuka, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyengoja neno hilo muda mrefu.

"Ulijua!"

"Nilijua, mama."

"Na kila jioni wakaa hapa mbele yangu, wala robo nzima, waniambia tamu! Mate yako yalipita vipi?"

"Ningefanyaje? Homa ilipoisha ulikuwa hutaki kuinuka kitandani. Mwezi mzima, mama, ulikuwa umegeukia ukuta. Kilichokuinua ni mkate. Siku ile nilikusikia waimba jikoni, nikasema huyu simgusi. Nikaenda nyumba kwa nyumba, nikawaambia, atakayemwambia mama, mimi naye basi."

Kwa hiyo mtaa mzima! Wote wale walioniambia Bi Nana mikono yako isiguswe na moto, walikuwa wamefungwa mdomo na mwanangu! Nilipata hasira na aibu kwa pamoja, sijui ipi ilitangulia. Nikasema sipiki tena. Watu wa Mambrui wakija wanunuliwe biskuti.

"Biskuti? Mamake Farjallah?" Raiya akaketi chini, akajifunika uso kwa mtandio. Anampenda yule kijana. Hakuwa amenitamkia hata siku moja, lakini mabega yake yalinitosha.

Jedida alikuwa amesimama mlango wa uani, sijui tangu saa ngapi. "Mama, nyinyi mmefunga, mchana hamuonji," alisema. "Mimi sifungi. Na pua yangu ni nzima. Nitumie mimi."

Nilimwambia aende zake. Akaenda. Siku ya tatu, mkesha wa Iddi, Raiya yuko kazini, mchele nimekwisha kuuloweka na nazi nimekwisha kuikuna, nikatoka uani mwenyewe nikamgongea.

Yarabi, kazi niliyoipata siku ile! Aliniuliza mamangu alikuwa akitia iliki ngapi. Nikasema kumi na mbili. Akahesabu kumi na mbili, akazimenya, akafunga kopo. Mkono wangu ukaenda kwenye kopo wenyewe. Akaupiga. Mpangaji, ndani ya nyumba yangu, juu ya mkono wangu! Na mimi, niliyewakimbiza makarani, nikaurudisha.

"Kidogo tu, Jedida. Haijanukia."

"Imenukia, mama. Imejaa nyumba nzima."

Nikavuta hewa ya nyumba yangu. Hakuna kitu. Ilibidi nimwamini, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kofi.

Marashi alitia kifuniko kimoja, pale ambapo mimi ningemaliza chupa. Ukwaju aliuonja mara nne, akinikunjia uso kila mara, mpaka mara ya tano akafumba macho akasema basi. Makaa niliyaweka mimi, juu na chini. Nilikuwa nikitegemea harufu kujua mkate umeiva, nikagundua siwezi hata hilo. Jedida alikaa kando ya jiko, na ilipofika wakati akasema, "Sasa."

Iddi mosi walikuja, wanawake watano wa Mambrui, mamake Farjallah mbele. Nilimkatia kipande, nikampa bilauri ya ukwaju. Alitafuna polepole. Akachukua kipande cha pili bila kukaribishwa, kisha akauliza kama upo wa kufungiwa kwenda nao. Alipokwisha kunywa akasema tutaje siku. Wanawake wakapiga vigelegele, Mama Farid akiwashinda wote.

Lakini mimi nilikuwa nimeingia jikoni. Raiya alikuwa amejificha huko, hina mpya mikononi, kama desturi ilivyo. Alikuwa bado hajauonja mkate, aliogopa. Nikamkatia robo, nikampa.

Akaumega. Akatia kinywani, akaacha kutafuna. Machozi yakamtoka, akaketi pale pale sakafuni na nguo zake za Iddi, akala kwa mikono miwili, haraka haraka, huku analia.

"Mama," alisema, kinywa kimejaa. "Ndio huu. Nimeutamani, mama. Wallahi nimeutamani."

Nilibaki nimeshika kisu. Mwanangu alikuwa na hamu ya mkate wangu miaka miwili, na mimi niko hai, naupika, namkatia robo kubwa.