Unga Mweupe Katika Chai ya Karimu

Kila asubuhi Zaituni alimtilia mumewe vijiko viwili vya sukari, akakoroga, akampa kikombe mkononi. Alifanya hivyo tangu Bujumbura, miaka ishirini na miwili. Kwao Buyenzi, mtaa wa mji huo, walisema mke anayempa mumewe chai chungu anamwonyesha mlango.

Kisha akaona kikopo. Karimu alikuwa akisubiri mkewe ageuke, kisha anachota unga mweupe na kuuchanganya upesi katika chai. Alipoulizwa alisema ni dawa ya tumbo. Tumbo gani, la mtu anayeweza kula mawe akalala?

Siku moja akamfuata hadi Chaussée d'Ixelles, barabara ya maduka katika mji wao wa ugenini. Akamwona dukani kwa Carine, mjane wa Kikongo anayeuza vyakula vya wagonjwa, akicheka naye, akatoka na kikopo kipya. Zaituni hakutaka shahidi mwingine. Lilikuwa limbwata, na lilikuwa limekwisha kumpumbaza mtu hata anajilisha mwenyewe.

Akaumwaga unga ule kwenye sinki huku akisoma dua, akakijaza kikopo sukari laini ya keki.

"Maman Imani, chai yako siku hizi imekolea," Karimu alimwambia mkewe.

Zaituni akatabasamu. Dawa ya yule mjane ilikuwa imekwisha nguvu.

Wiki ya tatu Karimu alikunywa maji bila kukata kiu, kisha akaishiwa nguvu kazini. Daktari akawaita wote wawili. Sukari ya damu ilikuwa imepanda sana, na tangu Januari alikuwa amemwagiza mgonjwa aache sukari kabisa. Zaituni hakuwahi kuambiwa.

Karimu akakitoa kikopo mfukoni. Akaeleza kwamba ni arabinosi, sukari inayopatikana katika gundi za miti. Huizuia sukari ya mezani isivunjwe haraka tumboni. Daktari akasema hupunguza kidogo tu, haimpi mtu ruhusa ya kutumia sukari.

"Humo hamna arabinosi," Zaituni akasema. "Niliimwaga. Nilidhani ni limbwata la Carine."

Karimu akakisukuma kikopo kando.

"Nilijua ukisikia hutanitilia sukari tena," akasema. "Bon. Kesho nipe chungu."

Miaka minne alikunywa chungu kutoka mkono uleule, wala hakukunja uso hata siku moja. Tangu Karimu azikwe, mezani kuna kikombe kimoja, na Zaituni hunywa hivyohivyo.